Mfupa mdogo wa kifundo cha mkono usiachwe kwenye foleni: barua ya wazi kwa wanaosimamia tiba ya mifupa

Kwenu wakurugenzi wa hospitali, wakuu wa idara za mifupa, waandishi wa miongozo ya tiba, na ninyi mnaogawa fedha za afya.

Waheshimiwa,

Mimi ni seremala. Barua hii nimeiandika kwa mkono wa kulia, na ninalitaja hilo makusudi, kwa sababu kwa karibu miaka miwili mkono huo ulikuwa ukiuma nikiandika hata mistari michache. Naandika juu ya mfupa mmoja mdogo wa kifundo cha mkono uitwao skafoidi, juu ya upasuaji unaofanywa mfupa huo unapogoma kuunga, na juu ya muda unaopotea kabla mgonjwa hajafika kwenye meza ya upasuaji. Upasuaji wenyewe unajulikana vizuri. Muda ndio unaotuumiza, na muda uko mikononi mwenu.

Niliteleza kwenye ngazi nikiwa na miaka 26. Anayeanguka hutanguliza mkono bila kuwaza, nami nilitanguliza kiganja cha kulia. Kilivimba kidogo tu, wala hakikupinda. Kwenye chumba cha dharura nilipigwa picha mbili za eksirei, nikaambiwa hakuna mfupa uliovunjika, mkono umeteguka. Nikapewa bandeji ya kuvutika na dawa za maumivu. Sikuambiwa nirudi. Sitaji ni hospitali gani, maana sikukaa kuandika ili kumshtaki mtu. Aliyenihudumia usiku ule alikuwa peke yake, na nyuma yangu kulikuwa na watu wanaovuja damu. Picha zile ninazo hadi leo. Nikiziinua kwenye mwanga wa dirisha, hata sasa ninapojua pa kutazama, sioni ufa.

Wiki ya nne nilirudi kazini. Maumivu yalipungua, kisha yakatulia mahali pamoja na kukataa kuondoka. Kusukuma randa kulikuwa kazi. Kuinuka chini kwa kujiegemeza kiganja kulinitoa jasho. Nikajifunza kutumia mkono wa kushoto bila kujitambua, na nikawa najiambia kwamba msuli huchukua muda kupona. Miezi 14 baada ya kuanguka nilisikia kitu kikibofya ndani ya kifundo nilipokuwa nakaza skrubu ya bawaba, na siku iliyofuata sikuweza kushika hata kikombe. Daktari wa safari hii alinibonyeza mahali pamoja tu, nami nikaruka. Alipiga picha nne badala ya mbili, mkono ukiwa umegeuzwa kila upande. Akazitazama, akakaa kimya, kisha akasema, "Huu si mvunjiko wa juzi, kaka. Huu una zaidi ya mwaka."

Naomba nieleze mahali aliponibonyeza, kwa kuwa ombi langu la kwanza linaanzia hapo. Ukikikaza kidole gumba kuelekea juu, chini yake hutokea kishimo kati ya kano. Watu wa Ulaya ya zamani waliweka ugoro humo wakaunusa, na vitabu vya anatomia mpaka leo hukiita kishimo cha ugoro. Chini ya kishimo hicho kuna skafoidi, mfupa ulioitwa hivyo kutokana na neno la Kigiriki la mashua, kwa jinsi ulivyopinda. Ni mmoja kati ya mifupa minane midogo ya kifundo, na ndio unaovunjika kuliko ile mingine saba. Wanaouvunja zaidi ni vijana wa kiume, kwa kuangukia kiganja.

Eksirei ya siku ya kwanza huweza kuukosa mvunjiko huu. Hilo si siri kwenu, liko kwenye mafunzo ya kila daktari wa mifupa. Ndiyo maana kanuni ya zamani inasema: mtu akiangukia kiganja, na kishimo kile kikiuma kinapobonyezwa, achukuliwe kuwa amevunjika hadi ithibitike vingine. Mkono ufungwe, na arudi baada ya siku 10 hadi 14 kubonyezwa na kupigwa picha upya. Penye MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku, jibu linaweza kupatikana katika siku za mwanzo kabisa. Ninachoomba ni kwamba kanuni hii itoke kwenye kitabu na kuingia kwenye kadi anayoondoka nayo mgonjwa, ikiwa na tarehe ya kurudi na jina la kliniki. Maneno ya mdomo hayatoshi kwa mtu anayesikia maumivu. Mimi hata hayo ya mdomo sikuyapata. Ningepewa kadi ningerudi, kwa sababu mkono ndio ulionilisha.

Sasa nije kwenye sababu ya mfupa huu kugoma. Daktari wangu alinichorea kwenye karatasi ya nyuma ya fomu, nami nimeitunza. Damu ya skafoidi huingia kinyumenyume. Mishipa yake mikuu hutoka kwenye ateri ya rediasi na kupenya mfupa kwa mgongoni, yaani upande wa mgongo wa mkono, karibu na vidole, halafu damu inarudi kuelekea kigasha. Watafiti Gelberman na Menon walionyesha mwaka 1980 kwamba asilimia 70 hadi 80 ya mfupa, pamoja na ncha yote ya upande wa kigasha, hutegemea mishipa hiyo. Mfupa ukikatika kiunoni, yaani katikati yake, kipande cha nyuma, kile cha upande wa kigasha, hubaki kama shamba la mwisho wa mfereji uliobomolewa. Tena sehemu kubwa ya uso wake ni gegedu, na wakati wote umeloa ute wa kiungo, kwa hiyo hauoti lile kovu nene la mfupa mpya ambalo hushika mfupa wa mguu au wa paja. Usipotulizwa kabisa, vipande vinachezacheza, ute unapita katikati, na mwili unazoea kana kwamba hapo pana kiungo. Madaktari hukiita kiungo cha uongo. Nilipolisikia jina hilo nilinyamaza kwa muda, maana ndivyo nilivyokuwa nimeishi, nikikunja mkono mahali ambapo mwili wa binadamu haukuwekewa pa kukunjia.

Mivunjiko ambayo vipande vyake havijaachana, ikitulizwa mapema kwenye plasta, mingi huunga. Hata hivyo kama mitano hadi kumi kwa kila 100 hugoma. Idadi hupanda vipande vinapoachana, mvunjiko unapokuwa kwenye ncha ya upande wa kigasha, na matibabu yanapochelewa kuanza kwa zaidi ya wiki nne. Mgonjwa akivuta sigara anazidi kuipunguzia damu njia ambayo tayari ni finyu.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu kuna hoja ninayoisikia mara kwa mara kwamba upasuaji wa mfupa huu ni anasa, plasta inatosha. Anayesema hivyo ana ushahidi. Mwaka 2020 jarida la tiba la Lancet lilichapisha matokeo ya jaribio liitwalo SWIFFT, lililofanyika katika hospitali 31 za England na Wales. Watu wazima 439 waliovunjika skafoidi kiunoni, vipande vikiwa havijaachana zaidi ya milimita 2, waligawanywa kwa kura: wengine wakatiwa skrubu mapema, wengine wakafungwa plasta. Mwaka ulipokwisha, makundi hayo mawili hayakutofautiana kwa kiasi cha maana katika maumivu na matumizi ya mkono. Ni habari njema, inawaepusha watu wengi kisu wasichokihitaji.

Lakini nawasihi msome utaratibu wote. Kundi la plasta halikufungwa likaachwa. Walifuatiliwa kwa picha, na yeyote ambaye mfupa wake ulithibitika kugoma alipelekwa kufanyiwa upasuaji mara moja. Hiyo ndiyo tiba iliyopimwa: plasta yenye mtu wa kuifuatilia na chumba cha upasuaji kilicho tayari. Ukichukua plasta ukaacha ufuatiliaji, umetengeneza tiba nyingine ambayo jaribio lile halikuitetea hata kidogo. Kwa hiyo ninyi mnaochagua plasta kwanza, nami nakubaliana nanyi, mmejifunga kwa mambo mawili. Asivuliwe mtu plasta ya mwisho na kuagwa kabla mfupa haujathibitika kuunga, na pale eksirei inapotia shaka ipigwe CT skani, eksirei ya kompyuta inayoonyesha mfupa vipande kwa vipande, kwa maana eksirei hudanganya hata hapo. Na mfupa uliogoma usirudishwe mwisho wa foleni.

Foleni niliikalia miezi minane. Ombi la upasuaji wangu liliandikwa "si la dharura". Ni kweli, sikuwa nakata roho. Mara ya kwanza skrubu za saizi ile hazikuwepo. Mara ya pili chumba kilichukuliwa na watu wa ajali ya barabarani, na hao siwezi kuwaonea wivu. Mara ya tatu daktari wa mikono alikuwa amehamishwa. Wakati wote huo nilikuwa nahesabiwa kama mtu asiyebadilika, ilhali mfupa ulikuwa unabadilika kila mwezi. Kingo za ufa ziliendelea kulika. Kipande cha mbele kiliinama kuelekea kiganjani na mfupa mzima ukafanya kibyongo. Skafoidi ni daraja kati ya safu mbili za mifupa ya kifundo, na likipinda daraja, mifupa jirani inaelemea upande mmoja. Daktari alinieleza bila kuficha kwamba ningefika mapema, kipandikizi kidogo kilichochotwa kwenye mfupa wa kigasha, kwa mkato uleule, kingeweza kutosha. Sasa ilibidi achukue kabari ya mfupa nyongani.

Upasuaji huu una historia ndefu, na ninaitaja ili asiwepo wa kuniambia ni jambo jipya linalohitaji kwanza kusubiriwa. Hermann Matti wa Uswisi alieleza mwaka 1937 namna ya kukwangua ufa na kuujaza mfupa laini. Otto Russe wa Vienna akaandika mwaka 1960 juu ya kuingilia upande wa kiganjani, ili mishipa ya mgongoni iachwe salama. Fisk, mwaka 1970, akaja na wazo la kabari ya kunyoosha kibyongo, na Fernandez akaliboresha mwaka 1984 kwa kupima kwanza ule mkono wa mgonjwa usioumia. Ndiyo maana nami nilipigwa picha ya mkono wa kushoto, nikashangaa, nikadhani wamekosea. Mwaka huohuo wa 1984 Herbert na Fisher walichapisha kazi yao juu ya skrubu isiyo na kichwa. Mimi fundi niliielewa skrubu hiyo kuliko kitu kingine chochote nilichoelezwa hospitalini. Ina nyuzi ncha zote mbili, na nafasi kati ya nyuzi za ncha moja ni pana kuliko za ncha nyingine, kwa hiyo kila inapozungushwa vipande vinavutwa na kubanana, halafu inazama yote ndani ya mfupa bila kuacha kitu cha kukwaruza gegedu.

Siku yenyewe nililala kwa nusukaputi. Baadaye daktari alinisimulia alichofanya. Alifungua upande wa kiganjani, akatoa nyama ngumu iliyojaza ufa, akakwangua pande zote mbili mpaka akafika kwenye mfupa wenye uhai. Kisha akalegeza mkanda uliokuwa umezuia damu mkononi, akasubiri. Vitone vya damu vilipochomoza kwenye kipande cha nyuma alijua hakijafa. Visingetokea, alisema, angefikiria kipandikizi chenye mshipa wake wa damu, ama kile cha kutoka mgongoni mwa rediasi, mfupa wa kigasha wa upande wa kidole gumba, alichokieleza Zaidemberg na wenzake mwaka 1991, ama cha kutoka kwenye mfupa wa paja karibu na goti, ambacho mishipa yake huunganishwa kwa darubini. Mimi nilipata kabari ya nyonga na skrubu moja.

Vifaa hapa si urembo. Merrell na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kuchapisha uchambuzi wao mwaka 2002. Kwa mifupa iliyogoma na kulegea, kabari iliyoshikwa kwa skrubu iliunga kwa asilimia 94, na iliyoshikwa kwa waya kwa asilimia 77. Pale kipande cha nyuma kilipokuwa kimekufa, kipandikizi chenye mshipa wa damu kiliunga kwa asilimia 88, dhidi ya asilimia 47 ya kabari na skrubu ya kawaida. Najua tafiti zilizokusanywa hivyo hazilingani kwa kila kitu. Hata hivyo, anayeidhinisha ununuzi akiona skrubu hizi kwenye orodha na kuzikata kwa sababu waya ni rahisi, anakata pia kazi ya mtu fulani. Ziwepo saizi zote, na kuwe na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, kwa kuwa skrubu ikikosa katikati ya mfupa kwa milimita chache mambo huharibika. Na kama hospitali haina daktari anayefanya kazi hii mara kwa mara, iwe na njia iliyokubaliwa ya kumpeleka mgonjwa kwa mwenye mkono uliozoea. Sioni aibu katika hilo. Hata sisi, mlango wa kawaida atautengeneza fundi yeyote, ngazi ya kuzunguka tunampelekea anayezijua.

Wodini kitanda cha pili alilala mchomeleaji wa vyuma, mtu wa makamo. Yeye alikuwa ameambiwa msuli miaka 11 iliyopita. Skafoidi yake ilikuwa imegoma muda wote huo, gegedu limelika kuanzia ncha ya rediasi hadi ndani, na kifundo kimeporomoka. Kwake hapakuwa na mfupa wa kuokoa tena. Walichoweza kumpa ni kuondoa safu nzima ya mifupa mitatu, ili apungukiwe na maumivu na abaki na nusu ya kukunja. Mwingine angeondolewa skafoidi na mifupa minne kugandishwa pamoja, mwingine kifundo chote. Aliuona mkono wangu uliofungwa, akaniuliza miezi mingapi. Nilipomjibu akasema, "Mdogo wangu, wewe umewahi." Mimi niliyechelewa miezi 22 niliitwa niliyewahi. Sijawahi kulisahau neno lile, na ndilo lililonifanya niandike.

Kuna jambo dogo la kuzungumza na mgonjwa kabla ya kisu. Mimi sikuambiwa kwamba nyonga itauma kuliko mkono kwa wiki kadhaa, nikadhani kuna kilichoharibika. Tuambieni. Tuambieni pia kwamba mfupa unaweza kugoma hata baada ya upasuaji, kwamba sigara lazima iachwe kabla na si baada, kwamba mkono utafungwa wiki nyingi na kazi nzito itangoja CT skani, si kalenda. Mtu akijua atapanga. Mwenye familia asiyejua atairudia randa wiki ya sita, na mtamlaumu kwa kuharibu kazi yenu. Barua ya daktari kwa mwajiri, inayotaja kazi nyepesi na muda wake, huokoa mifupa mingi kuliko karipio. Na mazoezi ya mkono baada ya plasta yawe sehemu ya tiba yenyewe. Mtaalamu wa mazoezi aliyenishika kwa miezi mitatu alinirudishia nusu ya kile ninachokifurahia leo.

CT skani ya mwezi wa tatu ilionyesha mfupa umevuka ufa. Sasa nashika nyundo, nasukuma randa, nabeba mbao. Kiganja hakikunjiki nyuma kama zamani, na asubuhi za baridi kinanikumbusha. Daktari aliyenipasua namshukuru kila siku.

Ninachowaomba kinaweza kuanza bila jengo jipya. Chagueni mtu mmoja kila hospitali, muuguzi au fundi wa plasta mwenye uzoefu, apewe daftari la kila aliyeangukia kiganja na kuumia kwenye kishimo kile. Aandike tarehe ya picha ya pili, tarehe ya kuvuliwa plasta, na jibu la swali moja: umeunga au haujaunga? Jibu likiwa "haujaunga", daftari hilo liende moja kwa moja kwa daktari wa mikono, na ombi la upasuaji liandikwe siku ya mwisho ambayo mgonjwa anapaswa kuwa amepasuliwa, badala ya "si la dharura". Kila robo mwaka mkurugenzi alifungue daftari hilo mwenyewe, ahesabu waliopitiliza, na aulize kwa nini.

Picha zangu ninazo zote kwa mpangilio: mbili za usiku wa kuanguka, nne za mwezi wa 14, moja ya mwezi wa 22 yenye kibyongo, na ile CT skani ya mwisho. Idara yoyote inayotaka kuzitumia kufundishia madaktari wapya wa chumba cha dharura, nitazileta mwenyewe, nao wataubonyeza mkono wangu wajue kishimo kilipo.

Wenu mtiifu,
Fundi seremala